Nyimbo Zinazoanza na Ru

Kanazawa, 18 Aprili 1982

Shangazi Shigeno,

Pokea salamu kutoka huku kaskazini, ambako theluji bado imejibanza kwenye vivuli vya kuta kama mtoto aliyevunja sahani. Mimi ni mzima. Baba ameniandikia mistari mitatu, miwili ya mvua na mmoja wa mbwa. Mama amenitumia soksi. Na wewe, kikohozi kimekuachia? Siku niliyoondoka Yawatahama ulikuwa ukikwaruza kama mlango wa ghala, ukasema ni chavua ya mierezi. Mierezi imekwisha kumwaga chavua yake sasa, kwa hiyo natumaini umepona.

Nilikupigia simu Jumapili mbili mfululizo. Iliita mpaka mama wa bweni akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Ulikuwa wapi?

Tuko wasichana sita chumba kimoja, wote tunasomea uongozaji wa watalii kwenye mabasi. Mkuu wetu ni Bi Murai, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti wala kucheka. Historia ya ngome ya hapa nimeimeza yote. Naweza kukutajia mabwana wake mmoja baada ya mwingine huku nimefumba macho. Tatizo, shangazi, ni kwamba abiria hawataki mabwana wa ngome. Wanataka kuimba. Kila basi lina mashine ya karaoke nyuma ya dereva na rafu ya kanda, na wakichoka kuimba ovyo wanacheza kushika mkia. Si kwa maneno matupu kama sisi tulivyokuwa tukicheza tukichambua machungwa. Huku ni kwa majina ya nyimbo. Jina likiishia na ka, anayefuata ataje wimbo unaoanza na ka, tena auimbe ubeti mzima. Likiishia na n, mchezo umekufa, kama kwetu, maana hakuna neno linaloanza na n. Na abiria akikwama, kiongozi ndiye anayemwokoa.

Unaijua sauti yangu. Ni ngazi iliyovunjika kidato cha tatu. Wewe uliwaimbisha mahujaji wa Shikoku mabasini tangu ukiwa msichana mpaka ulipoolewa. Nipe nyimbo. Nipe zile ambazo hata mtu kama mimi hawezi kuziharibu.

Mpwa wako,
Chikako

*

Yawatahama, 5 Mei 1982

Mwanangu Chikako,

Barua nimeipata, na soksi za mama yako nilizichagua mimi, kwa hiyo zivae. Huku maua ya michungwa yamefunguka na mji wote unanukia mpaka kichwa kinauma. Baba yako ameteguka kifundo cha mguu, hana neno, anamsingizia mbwa.

Usinipigie simu. Nimeichomoa. Watu wanapiga saa za chakula.

Sasa nyimbo. Wa kwanza asubuhi uwe "Minato no Asameshi", ule wa kifungua kinywa cha bandarini. Hauna sauti ya juu hata moja. Watu wakiamka bado wanaoneana haya, na wimbo huo huimbwa mdomo nusu wazi. Wakishakula wape wimbo wa kazi, wowote wenye makofi. Wa mapenzi usiwape kabla ya saa nane mchana, hasa kama mume na mke wamekaa viti tofauti. Na siku zote weka kibindoni wimbo mmoja unaoishia na n. Mimi wangu ulikuwa "Chichi no Kaban", Mkoba wa Baba. Ukiona hekalu linakaribia na abiria wamekolea, watupie huo. Mchezo unakufa wenyewe, wanacheka, wanavaa viatu. Kiongozi anayekatiza mchezo kwa amri hupoteza basi zima.

Na acha kusema sauti yako ni ngazi. Sauti ya kiongozi ni uzi, abiria ndio shanga. Nani anautazama uzi? Imba mstari wa kwanza, kisha mpe mtu kipaza sauti.

Wiki ijayo nina safari ya Matsuyama, nina shughuli huko. Nikichelewa kujibu usianze kunusanusa.

Shangazi yako

*

Kanazawa, 20 Juni 1982

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Safari ya Matsuyama iliendaje, na ilikuwa ya nini? Mama nimemuuliza, akajibu kwamba huna neno, una kazi nyingi, kisha akanieleza kurasa mbili kuhusu jirani aliyenunua gari. Mama hajawahi kuandika kurasa mbili.

Juzi nilipewa basi la kwanza peke yangu. Lilikuwa la mafundi wa kuezeka vigae, wanaume pekee, waliokuwa wakienda pwani kula samaki. Asubuhi nilifuata maneno yako, na wimbo wa bandarini ulikwenda vizuri. Tukaanza kushika mkia. Mzee mmoja mwenye shingo nene akasimama akaimba wimbo wa chama chao, "Kawara no Ue no Haru", Masika Juu ya Vigae. Haru, shangazi. Ukaishia na ru. Jirani yake akakuna kichwa, wa tatu akasema hajui, ikaja mpaka kwangu mbele. Nikatafuta ru. Nikatafuta tena. Kichwani palikuwa peupe kama sahani. Yule mzee akapaza sauti akaniambia: "Binti, kama huna ru, tupe hata la-la-la." Basi zima likaangua kicheko, nami nikaanza kuwasimulia habari za ngome, mfululizo, mpaka pwani. Walilala. Mmoja alikoroma kwenye kipaza sauti alichokuwa amekishika.

Dereva wetu, Bwana Tsubota, aliniambia wakati wa kurudi kwamba amewahi kuendesha magari ya maiti yaliyochangamka zaidi. Bi Murai amesema tutazungumza.

Naomba nyimbo za ru. Na naomba kitu kimoja zaidi: ziimbe wewe mwenyewe kwenye kanda, unitumie. Maneno nitayasoma popote. Ninachotaka kusikia ni jinsi unavyovuta pumzi.

Chikako

*

Yawatahama, 29 Julai 1982

Chikako,

Samahani kwa kuchelewa. Joto la mwaka huu limenilaza. Baba yako anatembea vizuri sasa, mbwa amesamehewa.

Ru ni kisima kikavu, kila mchezaji anajua. Ndiyo maana mtu mjanja humtupia mwenziwe. Lakini nyimbo zipo. Upo "Rusuban Neko", wa paka aliyeachwa kulinda nyumba, wa watoto, hakuna asiyeujua. Unaishia na ko, na wimbo wa ko hata mlevi atakupa. Upo pia "Ruriiro no Tenugui", wa kitambaa cha bluu, wa wanawake wachuma chai. Hiyo miwili inakutosha maisha yako yote. Wa paka tumia kwa wanaume. Mwanamume mzima akiimba habari za paka hawezi tena kumcheka mtu.

Kanda hiyo hapo. Kinasa sauti changu ni kibovu, usishangae ikisikika tofauti.

Mafundi wale hawakukucheka kwa sababu ya ru. Walikucheka kwa sababu ulijificha nyuma ya ngome. Siku nyingine ukikwama, sema umekwama. Waulize wao. Watu hupenda kuombwa.

Shangazi

*

Kanazawa, 22 Agosti 1982

Shangazi,

Natumaini joto limepungua huko. Hapa mvua inanyesha mchana na kukoma jioni. Bweni linatupa tambi baridi kila siku. Saa kubwa ya stesheni inachelewa dakika kadhaa na watu wanagombana nayo kama mtu. Kwenye Obon, sikukuu ya wafu, sikupata ruhusa kuja kuwasha taa za babu na bibi. Mniombee radhi kwao.

Kanda nimeisikiliza mara nyingi. Ni sauti nzuri. Ni sauti ya Bi Iwamoto wa duka la kababu za samaki. Nimekula kababu zake tangu nina meno mawili, na kila nilipokwenda alikuwa akiimba nyuma ya karai. Unadhani sitamjua? Katikati ya wimbo wa paka kuna hata mteja anaomba apunguziwe.

Kwa nini aimbe Bi Iwamoto? Kwa nini simu imechomolewa? Kwa nini mama anaandika kurasa mbili? Sitaki kuzungushwa. Niambie.

Chikako

*

Yawatahama, 6 Septemba 1982

Chikako,

Kwanza nikueleze nilichokiona katika barua yako. Ina mvua, ina tambi baridi, ina saa ya stesheni. Haina abiria hata mmoja aliyetapika. Msichana anayefanya kazi ndani ya basi mwezi wa Agosti hakosi abiria wa kutapika. Na saa ya stesheni huiona siku nzima yule tu aliyekaa dirishani anauza tiketi. Kwa hiyo usinihubirie habari za kuzungushwa.

Lakini mimi ndiye mkubwa, nitaanza mimi.

Katikati ya Mei, hospitalini Matsuyama, walinitoa zoloto lote, kile kisanduku cha sauti kilicho kooni. Ilikuwa saratani. Ule ukwaruzaji haukuwa chavua. Nilijua tangu Februari. Sasa napumua kwa tundu lililo hapa shingoni, panapofungwa kola, nalifunika kwa kitambaa. Daktari anasema wameitoa yote, na mpaka sasa vipimo vinamuunga mkono. Nakula, nafua, nabishana na baba yako kwa kuandika kwenye ubao, na nashinda, maana yeye husoma polepole. Sauti ndiyo haipo. Sisemi imekwaruza. Haipo. Siku ya kwanza niliporudi nyumbani nilimwagikiwa na maji ya moto mguuni, nikapiga kelele, na nyumba ikabaki kimya. Nilikaa sakafuni muda mrefu. Hapo ndipo nilipoelewa kilichoniondoka.

Wazazi wako niliwaapisha, usiwagombeze. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungepanda treni na begi lako, uje unikorogee uji. Sihitaji uji.

Kuna kikundi Matsuyama cha watu waliotolewa zoloto. Wanajifunza kumeza hewa na kuirudisha juu, iwe sauti. Ni kama kucheua, isipokuwa unacheua kwa adabu. Mwalimu wetu, Bwana Hyodo, naye hana zoloto, na anazungumza mpaka anatuchosha. Nakwenda kila Alhamisi kwa treni. Mpaka leo ninachokiweza ni "a". Siku nyingine hata hiyo haiji.

Haya. Zamu yako.

Shigeno

*

Kanazawa, 15 Septemba 1982

Shangazi,

Sijui kama nianze na salamu. Nimekukasirikia. Nimelia chooni, maana humu bwenini ndipo mahali pekee mtu anapokuwa peke yake, na bado wakagonga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe ulitaka kunificha hata hicho kilio. Nilikuwa nikikuomba nyimbo ukiwa umelala na mipira shingoni. Unadhani najisikiaje?

Ni kweli. Niko dirishani tangu mwisho wa Juni. Bi Murai alisema historia yangu ni nzuri, lakini abiria si wanafunzi, na kiongozi anayewaogopa abiria ni hatari hata kwenye kona. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umeniandikia maneno mengi ya kunitia nguvu nikaona aibu. Tena nimekwisha kumwomba mama anitafutie nafasi kwenye banda la kupakia machungwa, kuanzia Novemba. Amekubali. Kumbe hata yeye alikuwa na sababu yake ya kunitaka nyumbani.

Kwa hiyo naja. Nitakaa nawe. Nitakusemea dukani, nitakupokelea simu. Usibishe.

Chikako

*

Yawatahama, 20 Oktoba 1982

Mwanangu,

Nabisha.

Banda la machungwa nimekwenda mwenyewe na ubao wangu, nikaandika kwamba Ninomiya Chikako haji. Wamempa nafasi hiyo binti wa posta. Nikasirikie, nimezoea sasa.

Hapa wote wazima. Machungwa ya mapema yameanza kugeuka rangi. Baba yako amenunua kofia mpya, hatuizungumzii.

Nisikilize vizuri. Ukija kunisemea, sitasema tena. Dukani nikienda peke yangu inabidi nimeze hewa na nijaribu. Wiki jana nilimwambia Bi Iwamoto "tatu", nikapata kababu tatu. Alinipa kisha akaingia ndani kulia, mteja mwingine akasubiri. Siku nyingine nilisema "kumi" kwa majivuno tu, nikarudi na kababu nisizoweza kuzimaliza.

Kikundini tunacheza nini, unafikiri? Kushika mkia. Bwana Hyodo anasema hakuna zoezi lililo bora, kwa sababu neno hulichagui wewe, unachaguliwa na aliyekutangulia. Silabi za ka, ta na pa ni rafiki zetu. Mdomo unafunga, hewa inaingia yenyewe. Adui ni ha. Ha inataka pumzi ya mapafu, na mapafu yangu sasa yana mlango wao wa pembeni. Wenzangu wameshagundua. Kila neno lao linaishia na ha. Watu waliokatwa shingo, Chikako, na bado wana roho mbaya ya mchezo. Nawapenda sana.

Jumapili moja nilikupigia simu. Mama wa bweni alipopokea nilimeza hewa kutafuta jina lako, haikuja, ikatoka kama kuhema. Akaniita mhuni mchafu, akakata. Nilipiga tena, akatishia polisi. Mwambie mhuni ni shangazi yako, ana miaka hamsini na tisa.

Desemba kikundi kinafanya karamu ya kufunga mwaka, na kutakuwa na karaoke. Wengi wetu hupiga makofi tu. Mimi sitaki kupiga makofi. Nitafutie wimbo. Usiwe na sauti za kuvutwa, maana pumzi yangu moja inabeba silabi tatu au nne. Usiwe na ha nyingi. Wewe ndiye mwenye rafu ya kanda.

Nawe utakwenda kwa Bi Murai, utaomba basi. Usimwandikie, mwendee ana kwa ana. Mimi nitaimba mbele ya watu bila zoloto. Wewe unalo.

Shangazi

*

Kanazawa, 28 Novemba 1982

Shangazi Shigeno,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kababu zimekwisha. Mama wa bweni anaomba msamaha kwa kuinama mpaka chini. Amesema ukipiga tena atasubiri hata saa nzima.

Niliposoma kwamba umenifutia kazi nilitaka kuichana barua. Kesho yake nikaenda kwa Bi Murai. Nilimwambia nataka basi. Hakuniuliza sababu. Alifungua ratiba akaniandika kwenye safari ambayo wenzangu wote huikimbia: wazee wa kijiji kimoja cha Noto, wachonga bakuli na wapaka rangi wake, wanaokwenda kwenye maji moto kila mwaka na kuanza kunywa pombe ya sake saa mbili asubuhi. Yeye mwenyewe akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Asubuhi ilikwenda. Mchana mvua ikapiga, na barabara ya pwani ikazibwa na udongo uliomomonyoka. Tukakwama kati ya mwamba na bahari, magari mbele na nyuma. Mzee mmoja alitaka haja, nikatoka naye na mwavuli mara tatu. Wengine wakaanza kunung'unika, mmoja akamlaumu Bwana Tsubota kana kwamba ndiye aliyeangusha mlima. Bwana Tsubota akaanza kujibu. Nikachukua kipaza sauti nikawaambia ukweli: sijui tutaondoka lini, sauti yangu ni mbaya, na naogopa mvua hii kama wao. Nikawaomba wanisaidie kushika mkia mpaka barabara ifunguke.

Wakanisaidia. Walianza wanawake. Tulizunguka kiti kwa kiti, mbele mpaka nyuma. Asiyetaka kuimba alipiga makofi, na jirani yake akamwimbia. Mzee wa haja alikuwa na nyimbo za harusi za zamani ambazo hata wenzake walikuwa wamezisahau, wakaanza kumuuliza kazitoa wapi. Ilipofika nyuma, Bi Murai alisimama. Aliimba ubeti wa wimbo wa baharini nisioujua, kwa sauti nzuri kuliko zote siku ile, na ukaishia na ru. Akaketi akanitazama.

Nikaimba "Rusuban Neko". Kidato cha tatu kilivunjika kama kawaida. Lakini kufikia mstari wa pili basi zima lilikuwa likilia kama paka, na Bwana Tsubota akawasha vifuta kioo vifuate mapigo.

Tulipofika hotelini, basi lilipaswa kurudi nyuma kwenye uchochoro mwembamba. Bi Murai alivua filimbi yake shingoni akanipa nimwongoze dereva. Tangu siku ile niko barabarani, na filimbi hajaidai.

Sasa wimbo wako. Nimezipekua kanda zote. Chukua "Tatake Taiko", Piga Ngoma, wa sherehe za mavuno. Karibu wote ni ta na ka, na kila baada ya silabi nne kuna ngoma. Ngoma ikilia, wewe meza hewa. Ha ipo moja tu, ubeti wa pili. Hapo nyamaza, waachie wao waiseme.

Mwaka mpya sitakuja. Nimepangiwa mabasi ya watu wanaokwenda kusali kwenye mahekalu, siku zote tatu.

Wako,
Chikako

*

Yawatahama, 16 Februari 1983

Chikako,

Kadi yako ya mwaka mpya iliwasili ikiwa imelowa, nikaianika. Vizuri kwamba hukuja. Kiongozi anayekaa nyumbani mwaka mpya hana kazi. Sote tuko salama, machungwa yamevunwa, vipimo vya Januari vilikuwa safi.

Karamuni niliimba. Nilifika ubeti wa pili, nikamaliza. Ile ha niliijaribu mwenyewe, ikanishinda, wakacheka, nikairudia, ikanishinda tena. Mwaka huu naitaka. Bwana Hyodo amesema kuanzia Aprili nimsaidie kufundisha wapya, maana siwaonei huruma.

Ndilo jambo ninalotaka kukueleza. Hapa mjini yuko Bwana Tarumi, aliyekuwa mnadi kwenye soko la samaki. Sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka gatini. Alitolewa zoloto Novemba, na tangu hapo hajatoka ndani. Mkewe alimwendea Bwana Hyodo, na Bwana Hyodo akanituma mimi.

Nilikwenda Jumatatu. Mkewe alitoka akasema mzee hataki mtu. Nikaketi kizingitini nikala chungwa, kisha nikarudi nyumbani. Jumanne vivyo hivyo. Kulikuwa na baridi, mkewe akaniletea mto wa kukalia. Leo asubuhi nilipokuwa nimeketi tena, mlango ukasogezwa kidogo. Alikuwa mwenyewe, hajanyoa ndevu, na ubao mkononi. Ameandika: Ondoka.

Nikameza hewa, nikamwambia: "Sioni. Sema."

Akauchomeka ubao karibu na pua yangu. Nikatikisa kichwa. "Sema."

Akaufuta, akaandika kwa herufi kubwa zaidi. Nikatazama bahari. Chikako, mtu yule alikasirika. Uso ulimwiva, mishipa ikamsimama, akafungua mdomo kunifokea kama alivyokuwa akiwafokea wachuuzi, na kwa hasira akawa amemeza hewa bila kujua. Ikarudi. Ikatoka kama chura chini ya ndoo, lakini ilitoka, na mkewe aliyekuwa jikoni aliangusha kitu.

"To," alisema. Toka, alikusudia.

Akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Ubao ulikuwa umeanguka chini, hakuuokota. Sikumsaidia kwa lolote. Kisha akafungua mlango wote, akasogea pembeni nipite.

Kesho ni Alhamisi. Tunapanda treni ya saa moja pamoja. Nimemwambia anyoe.

Shangazi yako,
Shigeno